Kadi Yenye Jina la Mutinda

Alhamisi, 14 Agosti

Miezi saba na siku nne tangu nitoke nyumbani. Kibwezi. Leo ilikuwa siku ya kliniki.

Nilifika saa mbili asubuhi. Watu tisa kwenye benchi. Sista Mwende aliita, "Mutinda!" Nikainuka. Siku hizi nainuka mara moja. Mwanzoni nilikuwa nakaa tu mpaka aite mara ya pili.

Alinidunga kidole cha tatu. Tone kwenye kikaratasi, kikaratasi kwenye mashine. Akaandika. Uchovu, kutoka sifuri hadi kumi? Nikasema tano. Huwa nasema tano. Sijui uchovu wa damu unatofautianaje na uchovu wa bamia. Kizunguzungu? Hapana. Hamu ya kula udongo? Hapana. Akahesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa. Sawa.

Utafiti wenyewe ni hivi. Unatoa damu mara tatu, kila baada ya wiki kumi na mbili. Katikati unameza kidonge kila siku. Wengine wanapewa madini ya chuma, wengine kidonge kisicho na kitu, na vyote vinafanana. Hata Sista hajui nani anameza nini. Wanataka kuona damu ya mtu wa kazi ngumu inarudi upesi kiasi gani, ili wajue wamwite tena lini bila kumdhuru. Nimetoa mara mbili, Aprili na Julai. Imebaki Oktoba.

Walitupa daftari la visanduku. Unatia alama: nimechoka, sijachoka. Hili si hilo. Hili nilinunua mwenyewe. Niliachia shule darasa la sita lakini mwandiko wangu ni mzuri, na kuna mambo hayaingii kwenye visanduku.

Kama hili la jina. Mimi si Mutinda. Mutinda ni ndugu yangu mkubwa, yuko nyumbani, mbele ya Mwingi. Mimi ni Kyalo. Kitambulisho changu kilipotea na kingine hakijatoka mpaka leo. Shamba hili haliandiki mtu bila kitambulisho. Mutinda akanipa chake. Tunafanana, isipokuwa masikio. Alisema, "Chukua hilo jina, wewe. Mimi huku mbuzi wananijua kwa sauti." Si mimi peke yangu hapa ninayefanya kazi kwa jina la mtu. Nyapara alipotupeleka kliniki kujiandikisha alisoma majina kutoka kwenye kitabu chake cha kazi. Mutinda nikawa huko pia.

Mwezi wa tano ndugu yangu alikuja kuchukua kitambulisho, shule ya mtoto wake ilikitaka. Sikuwa na kitu cha kumpa kwa wema wake. Nikampa kadi yangu ya mchangiaji damu. Sista alikuwa ametuambia tuitunze, kwamba siku tukilazwa itatusaidia. Kliniki wananitafuta kwa namba ya utafiti, kadi hawaiulizi. Na ilikuwa na jina lake, na namba ya kitambulisho chake. Nikaona ni haki yake.

Maharagwe tena.

Ijumaa, 15 Agosti

Bamia. Mikono inawasha mpaka kwenye viwiko. Glavu zimetoboka vidole viwili. Bamia ikizidi urefu wa kidole inakataliwa. Nyapara anapima kwa kidole chake mwenyewe, na kidole chake ni kifupi.

Mchana kuhamisha mabomba ya kumwagilia. Kidonge nimemeza.

Jumamosi, 16 Agosti

Mwenzangu wa mstari wa pili ameniuliza kwa nini nilikubali kutolewa damu, kama sitaki kufa upesi. Nilimwambia ni kusaidia watu. Si kweli. Nilijiunga kwa sababu ya kitanda. Ukimaliza kutoa damu wanakulaza, wanakupa soda, na wanakukataza kuinuka. Kwa muda huo hakuna mtu anayekuita. Tangu Januari nimelala mchana mara mbili tu, na zote mbili ni pale.

Mke wangu alirudi kwao mwaka juzi. Hilo nimelizoea. Sijui kwa nini nimeliandika.

Jumapili, 17 Agosti

Ibada ya kwanza. Mahubiri yalikuwa marefu.

Kalunde amepiga simu, mke wa Mutinda. Anasema Mutinda anameza dawa za maumivu ya goti kila siku, mara nyingi kabla ya kula, na sasa tumbo linamchoma. Choo chake ni cheusi kama lami. Mutinda akamnyang'anya simu. "Usimsikilize huyu. Amemaliza kazi zote, sasa anachungulia choo changu." Nilicheka. Alikuwa anavuta pumzi katikati ya maneno. Nilidhani ni mtandao.

Jumanne, 19 Agosti

Jana Mutinda alitapika damu sokoni Mwingi. Alikuwa ameshika mbuzi wa kuuza. Kalunde anasema aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu, halafu damu ikatoka, na mbuzi akatoroka. Watu walimbeba mpaka hospitali. Hapo wakamhamishia hospitali kubwa zaidi. Ni kidonda cha tumbo, cha siku nyingi. Kwa sasa damu imeacha kutoka.

Nimehamisha mabomba yote ya upande wa mto peke yangu. Sioni kama nina huzuni. Nina kiu tu.

Jumatano, 20 Agosti

Mutinda alipiga mwenyewe saa saba, nikiwa nakula. Watampasua Jumamosi. Damu yake imepungua lakini anaweza kungoja siku hizo. Kabla ya kumpasua lazima mifuko miwili iwe tayari pale, na hospitali haina akiba. Wagonjwa wote wanaambiwa watu wao waje wachangie. Yeye akatoa kadi.

"Kyalo, kadi yako imenifanya mkubwa huku. Hawa wengine wanaitwa kitanda cha nne, kitanda cha tano. Mimi naitwa mchangiaji. Muuguzi karibu anipigie saluti."

Muuguzi alinakili kundi la damu kutoka kwenye kadi, juu kabisa ya faili lake. Herufi kubwa, A. Wakapeleka jina lake kwenye kompyuta, nayo ikasema A. Wameagiza mifuko miwili ya A kutoka kituo cha damu.

Nilifurahi. Naandika kwa sababu ni muda mrefu sijafurahi. Niliona nimemlipa ndugu yangu.

Saa tisa, katikati ya mstari, mkono ulisimama. A ni mimi. Damu iliyoandikwa kwenye kadi ilitoka kwenye mkono huu. Yake haijapimwa na mtu.

Nyapara akapiga kelele, "Mutinda! Umeota mizizi?"

Nikaendelea kuchuma.

Alhamisi, 21 Agosti

Sisi ni wa mama mmoja na baba mmoja. Tumenyonya ziwa moja. Damu ni moja. Yeye pia atakuwa A. Nimejiambia hivyo tangu asubuhi, kila nikikata bamia.

Nikisema, nafukuzwa. Kutumia kitambulisho cha mtu ni kesi, na aliyekitoa ana kesi pia. Huko nyumbani sasa hivi anayefanya kazi ni mimi peke yangu. Nisiposema, na damu ikawa moja, hakuna kilichoharibika.

Nilimpigia Kalunde. Nikamuuliza kama wamempima damu. Akasema wamepima presha na joto. Damu ya kulinganisha na ile ya mifuko watachukua kesho jioni, siku moja kabla ya upasuaji. Akauliza kwa nini nauliza. Nikasema hivyo tu.

Daftari la visanduku. Nimechoka: ndiyo. Kizunguzungu: hapana.

Ijumaa, 22 Agosti

Saa ya chakula nilienda kliniki. Nilimdanganya nyapara kwamba ninahara.

Sista Mwende alikuwa peke yake, anabandika namba kwenye vichupa. Akashangaa, si siku yangu. Nikasema nina swali tu. Ndugu wawili, mama mmoja, baba mmoja, damu yao ni kundi moja?

"Si lazima," alisema. Akachukua bahasha iliyotumika akanichorea nyuma. Mama ana herufi mbili. Baba ana herufi mbili. Mtoto anachukua moja huku na moja huku. Watoto wanne wa tumbo moja wanaweza kuwa makundi manne.

Nikauliza, na mtu akiwekewa isiyo yake? Alijibu huku anabandika. Anaanza kutetemeka. Mgongo unamuuma. Mkojo unakuwa mwekundu. Figo zinakufa. Wengine hawafiki hata kwenye figo.

Lazima aliona uso wangu, kwa sababu aliongeza, "Usiogope. Hakuna hospitali inayoamini karatasi. Wanapima kwanza."

Nililishika hilo neno. Wanapima. Basi hakuna haja ya mimi kusema. Nikashukuru nikatoka.

Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu, na alikuwa ananisikiliza. Mimi ni mwoga. Naandika ili iwe imeandikwa. Bahasha iko mfukoni.

Jumamosi, 23 Agosti

Nataka kuandika yote kabla sijaanza kuyabadilisha.

Kalunde alipiga saa nne. Wamempima. Mutinda ni O. Kompyuta inasema Mutinda huyo huyo, namba hiyo hiyo ya kitambulisho, ni A. Watu wa maabara walidhani vichupa vimechanganywa na vya mgonjwa mwingine, wakamtoa damu tena. O. Sasa wanataka kujua huyu aliyelala hapa ni nani. Askari wa geti aliitwa aangalie picha ya kitambulisho na sura yake. Mifuko miwili ya A imekaa kwenye friji, haiwezi kumgusa. Upasuaji umesimamishwa. Na alfajiri ametapika tena, beseni zima.

"Wanasema mume wangu si mume wangu," alisema Kalunde. Hakuwa analia. Sauti ilikuwa kavu kabisa.

Niliangusha ndoo. Nyapara aliita, "Mutinda! Mutinda, unaenda wapi?" Sikugeuka.

Kliniki ilikuwa imefungwa. Mlinzi akasema Sista yuko kanisani, mazoezi ya kwaya. Nilikwenda kwa miguu, nikikimbia pale palipo tambarare. Nilipofika walikuwa wanarudia ubeti mmoja, sauti ya kwanza wanakosea mahali pale pale. Nilisimama mlangoni na glavu zangu. Sista aliniona akatoka mstarini haraka. Alidhani ni vidonge vimenidhuru.

"Mutinda, nini? Umeanguka?"

"Mimi si Mutinda, Sista."

Nilimwambia yote. Ilichukua muda mfupi kuliko ule ubeti. Kitambulisho, shamba, kadi, ndugu yangu, O. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza yale tu yenye kazi. Hospitali gani. Wodi gani. Nani yuko naye. Namba ya kitambulisho. Niliitaja bila kufikiri. Yangu mwenyewe nimeshaisahau.

Akasimama kando ya tangi la maji akapiga simu. Alipigia mtu wa kituo cha damu, huyo akampa namba ya maabara. Nilisikia upande wake. "Mgonjwa wenu ni O, aminini mlichopima. Kadi ndiyo si yake. Huyo A niko naye hapa, amesimama mbele yangu." Halafu akasikiliza kwa muda mrefu.

O hawana. Mifuko miwili ya mwisho waliitumia jana usiku kwa mama aliyekuwa anajifungua. Wameomba kutoka kituo cha damu, gari litatoka sasa hivi.

Nilimwambia anipeleke nikatoe yangu. Watoe yote wanayotaka.

Alinitazama. "Yako ni A. Hiyo ndiyo ingemuua."

Nikaanza kuvua glavu.

"Na jana ulikuja kuniuliza nini?"

Nikaitoa ile bahasha mfukoni.

"Tangu Jumatano wanamtafutia A," alisema. "Tangu Jumatano wangekuwa wanamtafutia O." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Nilimuuliza kuhusu watu waliowekewa damu yangu ya Aprili na Julai, chini ya jina la Mutinda. Alisema hao wako salama. Kila mfuko unapimwa wenyewe, hakuna anayeuuliza jina. Hilo tu ndilo jema alilonipa leo, na alinipa kwa sababu ni kweli, si kwa kunihurumia.

Akarudi ndani. Hakuimba. Alikaa kwenye kiti cha nyuma na simu mapajani. Mimi nilikaa nje kwenye ngazi. Kwaya ikaendelea kukosea pale pale.

Saa kumi na moja jioni damu ilifika. Wameilinganisha na yake, imekubali. Mfuko wa kwanza umeanza kuingia. Watampasua kesho asubuhi.

Jumapili, 24 Agosti

Walimwingiza saa moja. Walimtoa saa tatu na nusu. Mifuko mitatu kwa jumla. Yuko hai.

Sikuenda ibada. Nilikaa kitandani nikingoja kufurahi. Haikuja. Nimefua glavu.

Jumatatu, 25 Agosti

Sista lazima aripoti kwa daktari wa utafiti. Alinipa mpaka leo jioni niseme mwenyewe shambani. Nilisema asubuhi, kabla ya kugawa ndoo.

Nyapara alicheka kwanza. "Sasa namfukuza nani hapa? Wewe, ama yule aliyelazwa?" Wachumaji wakacheka. Mmoja hakucheka. Aliinamia bamia kama ameangusha kitu. Nadhani naye hapa haitwi jina lake.

Ofisini karani alifungua kitabu akatafuta Kyalo. Alipitisha kidole ukurasa mzima, akageuza, akapitisha tena. "Hupo," alisema. Hakuwa na ubaya. Alikuwa ananiambia tu alichoona. Miezi saba na siku kumi na tano za bamia, na sipo.

Kesi hawataki. Kesi italeta watu wa kuangalia vitabu. Wanataka niwe nimetoka kwenye nyumba yao kufikia Ijumaa.

Jumanne, 26 Agosti

Niliamka saa kumi na moja hata hivyo. Hakuna kazi. Nilikaa mlangoni nikatazama wenzangu wakipita na ndoo. Nililala mchana. Mara ya tatu tangu Januari.

Kidonge sikumeza. Baadaye nikameza.

Jumatano, 27 Agosti

Mutinda amepiga. Sauti ndogo, kama anaongea chini ya blanketi.

"Umenirudishia jina langu likiwa limechoka, Kyalo. Limechuma bamia, limetolewa damu, limeitiwa askari. Mimi nilikupa jina zima."

Nilitaka kucheka. Badala yake nikamwambia kuhusu Jumatano. Nikamwambia kuhusu Alhamisi, na Ijumaa, na bahasha. Kwamba nilijua.

"Siku ngapi?" aliuliza.

Nikasema tatu.

"Mimi nilikuwa hapa nazihesabu. Nilidhani ni zaidi."

Nikasikia mtu akimwambia asiongee sana. Halafu akasema, "Njoo nyumbani. Yule mbuzi amerudi mwenyewe, lakini hana mtu wa kumchunga." Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza.

Alhamisi, 28 Agosti

Kliniki. Benchi. Watu wanane.

Sista Mwende aliita, "Kyalo!" Nilikaa. Akaita mara ya pili, nikainuka.

Daktari wa utafiti ameamua. Matokeo yangu yataondolewa kwenye utafiti. Mtu ambaye hawakumjua kwa jina lake hawawezi kujua wamemwandikia kingine gani cha uongo. Nilisema sikudanganya kuhusu kizunguzungu. Sista alisema anaamini, lakini kuamini hakuna mahali kwenye fomu. Fomu ina mstari mmoja: sababu ya kutoka. Akaujaza. Sikuomba kuusoma.

Nilirudisha chupa ya vidonge na daftari la visanduku. Akahesabu vidonge. Sawa. Nikamuuliza nilikuwa nameza nini muda wote huo, chuma au unga. Hajui. Bahasha za siri zinazosema nani alipewa nini zitafunguliwa watu wote wakimaliza, mwaka ujao. Yangu haitakuwa na maana kwa mtu. Sitajua.

Nilidhani tumemaliza. Akanishika mkono akanidunga kidole cha tatu. "Hii si ya utafiti," alisema. "Hii ni yako." Tone, kikaratasi, mashine. Damu imepanda kidogo tangu wiki mbili zilizopita. Akachukua kadi mpya. Akaandika Kyalo, jina la baba, kundi A. Mahali pa namba ya kitambulisho akapaacha wazi.

"Ukikipata utajaza mwenyewe. Na usimpe mtu. Hata kama anafanana na wewe."

"Isipokuwa masikio," nilisema. Sijui kama alicheka. Alikuwa ameinama kufunga boksi la sindano.

Nilipofika mlangoni aliuliza, nadhani kwa mazoea tu, "Uchovu?"

Nilifikiri. Sikuwahi kufikiri kabla ya kujibu hilo swali. Nikasema saba. Hakuandika popote. Aliitikia kwa kichwa.

Kadi iko katikati ya daftari hili. Nguo zimeingia kwenye mfuko mmoja. Glavu nimemwachia yule ambaye hakucheka. Kesho asubuhi natoka Kibwezi, napitia hospitalini kwanza, kumwona Mutinda na kuonekana. Nyumbani nitafika Jumamosi kabla ya saa sita.